Mgonjwa Mwenye Majina Mawili

Ikiwa wiki hii umepewa kadi ya kliniki ya presha na umeificha chini ya godoro, kaa nami kidogo. Yangu niliificha ndani ya faili lililoandikwa "Maroli Yaliyovuka". Nilijua hakuna angelifungua. Mzigo ukishavuka mpaka, nani ana haja nao tena?

Sitakueleza habari za mishipa ya damu. Hayo waulize waliosomea. Mimi nilisomea usimamizi wa biashara, nikapata diploma India, na katika darasa letu ni Wahindi wawili tu walionipita. Nasema hili mapema ili ujue kwamba anayezungumza nawe si mtu aliyeshindwa kusoma maandishi kwenye pakiti ya dawa. Nilijua kusoma. Ndiyo aibu yenyewe.

Nilizaliwa Bukhayo, mtoto wa saba katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuvuka darasa la nane. Kwa miaka miwili nilibeba samaki kwa baiskeli kutoka Port Victoria hadi soko la Busia, maji ya samaki yakinichuruzikia visiginoni, mpaka nikapata nauli ya ndege. Hakuna mjomba aliyenisaidia, hakuna harambee. Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifungua ofisi yangu Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ya kutoa mizigo forodhani. Katika safu ile ya ofisi, ya kwangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa na faksi. Diploma niliitundika juu ya kiti changu, mteja akinitazama aione kabla hajaniona mimi. Madereva wakaacha jina langu, wakawa wananiita Diploma. "Diploma yuko?" "Ambia Diploma gari yangu imelala hapa siku tatu!" Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Kazi ya mpakani ni kazi ya kuitwa. Maroli yamejipanga kutoka kizuizini hadi usipoona mwisho, na kila dereva anaamini ofisi yako ilijengwa kwa ajili yake peke yake. Ofisa wa upande huu anatoka kwenda kula wakati yule wa ng'ambo anarudi. Fomu inarudishwa kwa tarakimu moja. Simu inalia kutoka Mombasa, mwenye mzigo anataka kujua kwa nini sukari yake inanyeshewa. Wewe huna mamlaka juu ya yeyote kati ya hao, lakini wote wanakupigia kelele wewe. Hilo si jambo kubwa. Hakuna aliyekufa, hakuna vita. Ni Jumanne tu, kisha Jumatano. Nilikuwa nikinywa chai ya rangi saa nne, nasahau chakula cha mchana, mpaka nikaisahau njaa yenyewe. Mke wangu Nabwire, fundi cherehani hapo hapo Malaba, alikuwa akiniletea ugali kwenye bakuli lenye kifuniko. Jioni aliondoka nalo likiwa zito vile vile.

Mvua fupi zilipoanza mwaka ule, kope la jicho la kushoto lilianza kucheza. Nikalicheka. Kisha shingo ikawa kama ya mtu aliyebeba gunia la mahindi tangu asubuhi. Kisha masikio yakaanza kuvuma kama taa ya kandili ya kupampu. Moyo ulikuwa unagonga nikiwa nimeketi, bila kukimbia, bila kugombana na mtu. Mikono ilitetemeka nikitia sahihi, nikaanza kumwambia karani wangu Omuse atie yeye. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, baada ya mwezi nikautoboa jingine.

Wasiokuwepo mpakani miaka ile hawawezi kujua maana ya tundu lile. Mtu akikonda hakuulizwa amekula nini. Alihesabiwa siku zilizobaki. Neno lilikuwa limevuka kutoka ng'ambo, silimu, jina lao la ukimwi, na halikuhitaji kutamkwa. Dada wa mgahawa, siku zile chache nilizoingia, alianza kunipakulia nyama vipande vitatu badala ya viwili, bila kuniangalia. Vipande vile vilinitisha kuliko moyo wangu.

Basi nikavuka mpaka kwenda kutibiwa. Upande wa Uganda, mbali kidogo na mji, kulikuwa na zahanati ndogo. Nilipanda baiskeli ya boda boda nikiwa nimevaa kofia. Dada wa mapokezi akauliza jina.

"Okello," nikasema.

"Okello nani?"

"Moses."

Lilikuwa jina la dereva niliyemshughulikia asubuhi ile. Nikakaa kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto mwenye surua na mzee anayekohoa. Baada ya muda dada akaita, "Okello Moses!" Kimya. "Okello Moses!" Nikageuza shingo nikimtafuta huyo mzembe anayetuchelewesha. Mama mwenye mtoto akanigusa kwa kiwiko, akaniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, si ni wewe?"

Daktari alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinifunga kitambaa mkononi, akapampu, akatazama, akapampu tena.

"Presha iko juu sana, ssebo. Unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

Alikigeuza kiganja changu juu. "Unalima nini? Karatasi?"

Akauliza kama nina mawazo mengi. Nikasema sina hata moja. Aliandika, akanipa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi baada ya kula, akaniambia nipunguze chumvi, nile mchana, nitembee kwa miguu, nilale, nirudi baada ya wiki mbili. "Na hayo mawazo ambayo huna," akasema, "mwambie mtu mmoja."

Nilivimeza siku tatu. Shingo bado nzito. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa mpakani tu anayeweza kulifanya. Katika kazi yangu, kila mzigo una karatasi za huku na karatasi za kule. Ukikosa za upande mmoja, haupiti. Kichwa changu cha uajenti kikaniambia: umeshapata dawa za kule, sasa tafuta za huku, utapita haraka. Nikaenda hospitali ya misheni upande wa Butula, mbali na macho ya Malaba. Huko nikaitwa Wafula Peter. Sikumwambia mtu habari za Okello. Nikapewa vidonge vya waridi, kimoja kila asubuhi. Kila asubuhi nikawa nameza cheupe na cha waridi, mara nyingi bila kula, nikijiona mjanja.

Lakini presha haikutaka kushuka, kwa sababu sikubadilisha kitu kingine chochote. Nilipopimwa ng'ambo, wakaniongezea. Nilipopimwa huku, wakaniongezea. Kila upande ulidhani dawa yake peke yake haijatosha.

Nabwire alizikuta pakiti zote mbili akifua koti langu. Hakuningoja nyumbani. Alikuja ofisini mchana, pakiti zikiwa ndani ya leso.

"Baba Mercy, Okello ni nani?"

"Mteja."

"Na Wafula?"

"Mteja pia."

"Wateja wako siku hizi wanaacha dawa zao kwa mfuko yako?"

Omuse aliinamia karatasi zake. Rose, aliyepiga taipu, aliendelea kupiga. Nabwire akakaribia meza, akashusha sauti. "Sikiza. Kama ni ule ugonjwa, twende tupimwe wote wawili. Mimi sitakuacha."

Mwanamke amesimama mbele yangu akidhani huenda anakufa kwa sababu yangu, naye anasema hataniacha. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Lakini siku ile nilisikia maneno mawili tu, "ule ugonjwa", kwa sababu yalipotamkwa mashine ya Rose ilinyamaza.

Nikasimama. "Unakuja kunivua nguo ofisini kwangu? Wewe? Mama yako mpaka leo anatia kidole gumba kwa wino kama mtoto! Mimi nina diploma! Rudi kwenu Khunyangu ukachimbe viazi, huko ndiko saizi yako!"

Dirishani kulikuwa na madereva wawili. Mmoja aliguna.

Nabwire aliziweka pakiti mezani, akazipanga sawasawa, ukingo kwa ukingo. "Mimi umenitukana, sawa," akasema. "Mama yangu amekukosea nini?"

Niliporudi nyumbani, hayupo. Mtoto wetu Mercy hayupo, na pale cherehani iliposimama palikuwa na nyuzi za rangi sakafuni. Niliwaambia watu amekwenda kumsaidia mama yake kuvuna. Hakukuwa na kitu cha kuvuna mwezi ule. Ofisini hakuna aliyenikumbusha hilo.

Niliishi hivyo kutoka mwisho wa mvua fupi hadi kiangazi. Nilihesabu muda kwa kliniki: mbili za Okello, mbili za Wafula. Nikiinuka kitini haraka, ukuta ulikuja kuniona. Nikajifunza kuinuka huku nimeshika meza, nikijifanya nafikiri jambo.

Kliniki ya tatu ya Wafula iliangukia siku ya joto, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Benchi la hospitali ya misheni lilikuwa refu, limejaa. Nilipata nafasi karibu na ukuta. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Kiteso, mguu umefungwa bendeji, mdomo haujafungwa. Alikuwa amekwisha kunieleza mbuzi aliyemwangusha, na ukoo wa mbuzi huyo, wakati watu waliposogea kumpa nafasi mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Akaketi upande wa pili wa yule mzee. Akageuka. Nikageuka.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai hivyo. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, hamli pamoja, na hata kuketi benchi moja ni jambo la kutafutiwa maelezo. Nilitaka kuondoka. Lakini nikiondoka ningepoteza nafasi yangu kwenye foleni, naye vivyo hivyo. Baadaye nilijua kwamba zahanati ya kwao ilikuwa imeishiwa dawa mwezi ule, ndiyo maana akatembea hadi pale. Alivuta kitambaa chake kikafunika upande wa uso ulionielekea. Mimi nikautazama ukuta. Tukakaa hivyo kwa muda mrefu, mzee wa mguu katikati yetu kama uzio.

Mwishowe akasema, akimtazama mzee, "Mzee, mwambie huyo amekaa kwa ukuta, Mercy alikuwa anakohoa lakini amepona."

Mzee akanigeukia. "Anasema Mercy alikohoa, amepona."

"Mwambie nimeshukuru," nikauambia ukuta. "Mwulize mama Mercy yu hali gani."

"Anauliza mama Mercy."

"Mwambie anakula. Anashona. Kucheka hapana."

"Anakula, anashona, kucheka hapana," mzee akasema. "Kwani mimi ni posta?"

Watu wa benchi la mbele wakaanza kusikiliza. Mama mkwe hakujali. "Mwulize, yeye anaumwa na nini?"

"Mwambie sina ugonjwa. Nimemsindikiza mteja."

"Anasema amesindikiza mteja," mzee akatangaza. "Lakini huyo mteja mimi simuoni."

"Mwambie kama anakonda kwa niaba ya mteja, hiyo kazi ni mbaya."

Benchi zima likacheka. Mimi nilitamani ukuta ufunguke. Wakati huo huo muuguzi akatokea mlangoni na kadi mkononi. "Wafula Peter!"

Nikainuka haraka, ili nitoke mbele ya macho yale. Nilimsikia mama mkwe akiuliza, "Wafula ni nani?" Kisha ukuta ukaja, na safari hii haukusimama.

Niliangukia upande wa benchi. Mzee alikwepa, akilinda mguu wake. Kichwa changu kilitua mapajani mwa mama mkwe.

Sijui nieleze vipi uzito wa jambo hilo kwa mtu asiye wa kwetu. Wanawake wawili walipiga yowe, si kwa sababu nimeanguka, bali kwa sababu ya pale nilipoangukia. Yeye angeweza kuniacha nikateleza hadi sakafuni, na hakuna mtu kwao Marachi nzima angemlaumu. Hakuniacha. Nilivihisi viganja vyake, vikavu, vikali kama vya mtu anayepura maharagwe, kimoja nyuma ya shingo, kimoja kwenye paji. Naye akapaza sauti, "Huyu si Wafula! Huyu ni Wandera! Wandera wa Nabwire! Ni mkwe wangu, njooni mshike!"

Nilizinduka kitandani, miguu imeinuliwa juu ya mto. Tabibu, kijana mpole, alikuwa ameshika pakiti zangu mbili zilizotolewa kotini.

"Hizi ni dawa za kazi moja," akasema. "Presha yako imeshuka mpaka haikuweza kukusimamisha. Nani alikuambia umeze zote mbili?"

"Wa ng'ambo walimpa Okello. Nyinyi mlimpa Wafula."

"Na wewe ni nani?"

Nikageukia ukuta. Nje ya pazia, akiwa ametupa mgongo kama inavyotakiwa, mama mkwe akasema, "Mzee, ambia daktari anaitwa Wandera."

Yule mzee alikuwa bado yupo. "Daktari, anaitwa Wandera," akasema. "Na mimi mguu yangu bado inangoja."

Nililazwa siku nne. Nikaomba nipimwe pia ule ugonjwa mwingine, kwa sababu Nabwire alistahili jibu. Majibu yalipokuja, sikuwa nao. Nilishangilia moyoni, kisha nikatazama kitanda cha jirani, ambako baba mmoja wa umri wangu alikuwa akilishwa uji na dada yake kwa upole mkubwa, nikaona haya kwa shangwe yangu. Yule baba alikuwa anaitwa kwa jina lake. Dada yake alikuwa hamfichi.

Siku ya pili mama mkwe alileta uji na viazi vitamu, akamkabidhi muuguzi, akaketi nje ya dirisha. Akazungumza na hewa, nami nikasikiliza.

"Mimi hii presha niko nayo mwaka wa sita," akasema. "Kwanza nilipigana nayo. Sasa ninakaa nayo kama mkwe mkorofi. Huwezi kumfukuza, si tayari ameoa? Unampangia tu. Asubuhi nimekula, nimemeza. Mawazo ikija nikiwa nalima, naweka jembe chini, nakaa kwa kivuli, napumua mpaka ipite. Ikikataa, naenda kwa jirani namwambia. Nikinyamaza, ni mimi naumia."

Siku ya kliniki yake alikuwa akiijua kwa punje za mahindi. Punje moja kwa kila siku ndani ya kopo, anatoa moja akimeza kidonge, kopo likiisha anafunga safari. Katika miaka sita hakuwahi kukosa siku hata moja. Kadi yake aliifunga kwa mfuko wa nailoni, jina lake kamili juu, na kidole gumba chake chini. Nilikuwa nimemtukania kidole kile.

Haya ninayokuandikia kuhusu namna ninavyoishi sasa, mengi ni yake, na machache ni ya tabibu. Nakula mchana, hata kama simu inalia. Inaweza kulia, haina njaa. Nina kidonge kimoja, kutoka hospitali moja. Asubuhi natembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi ofisini, waendesha boda boda wananicheka. Moyo ukianza kugonga, nakaa, naweka nyayo zote mbili sakafuni, natoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta, mara kumi. Kazi ninazoweza kumwachia mtu mwingine ninamwachia. Sio kwamba nimepona. Kuna wiki kope linacheza tena. Lakini sasa likicheza, namwambia mtu.

Nirudi nyuma, kwa sababu nilikuwa bado sijapata wa kumwambia.

Kwa kuwa nilikuwa nimemgusa mama mkwe, baba yangu mdogo alisema lazima twende Khunyangu na kuku na shuka, aibu ile iondolewe. Na kwa kuwa Nabwire alikuwa kwao, lazima nimfuate na niseme kosa langu mbele ya watu wa nyumba yake. Tulikwenda mwanzo wa mvua ndefu, wakati watu wanapanda. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Baba mkwe alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyetupokea ni ndugu yake, mtu mfupi mwenye subira ndogo. Nikasimama, nikaanza.

"Wazee wangu, mimi ni mtu niliyejitengeneza kwa mikono yangu. Kutoka samaki wa Port Victoria hadi India..."

"Hiyo tulisikia siku ya mahari," akanikatiza. "Leo tuambie ulilofanya."

Hotuba yote ikaisha. Nikasema nilikuwa mgonjwa, nikaona haya, nikajificha, na aliponiuliza mke wangu nikamtukana, nikamtukania na mama. Niliomba msamaha. Kuku alikuwa amelala kwenye mchanga, miguu imefungwa, akitutazama. Mama mkwe alikuwa ndani, hatukumwona, lakini tulisikia mwiko ukigonga sufuria kwa utulivu.

Ndugu wa baba mkwe akamwuliza Nabwire kama ameridhika. Alikuwa amekaa mlangoni, Mercy mapajani.

"Mimi sijaridhika," akasema. "Mama alitukanwa ofisini, mbele ya makarani na madereva. Hapa anaomba msamaha mbele ya kuku. Huyu kuku alimsikia? Aende aseme pale alisema."

Baba yangu mdogo alitaka kubisha. Mzee wa pale akacheka, akasema mtoto amesema kweli. Tukakubaliana Jumatatu. Nabwire angekuja, angekaa, angesikiliza. Asiporidhika, angerudi Khunyangu, na safari hiyo nisimfuate tena.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wote. Niliyapanga maneno, nikayapangua. Nabwire aliingia saa nne na Mercy, akaketi kwenye benchi la wateja karibu na mlango, mkoba wake wa safari magotini. Hakuuweka chini. Omuse alimsalimia kwa sauti ya chini. Maroli yalikuwa yamejaa barabarani, madereva watatu wameegemea dirisha wakinililia.

"Diploma! Leo gari yangu itavuka ama nioe hapa?"

Masikio yalianza kuvuma. Nikaketi. Nyayo sakafuni. Nikatoa pumzi mara kumi, wote wakinitazama, pengine wakidhani naanguka. Kisha nikamwomba Rose aache kupiga taipu.

"Mnanijua nilikuwa nakonda," nikasema. "Nina presha. Nimejiletea mwenyewe kwa mawazo, kwa kutokula, na kwa kutaka nionekane mkubwa. Nilikwenda hospitali mbili kwa majina ya uongo. Mke wangu aliponiuliza, nilimtukana hapa, mkisikia. Nikamtukania mama yake kwamba hajui kusoma. Mama huyo alinishika nilipoanguka, na hakupaswa hata kunigusa. Nabwire hana kosa. Mama hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Nikamtazama Nabwire; mkoba wake ulikuwa bado magotini.

Kisha dereva mmoja wa dirishani akasema, "Kumbe ni presha tu! Aki Diploma, sisi tulikuwa tumeshakuzika, tumebakisha kugawana faksi!"

Wakacheka. Rose akacheka akifunika mdomo. Omuse hakucheka. Alikuwa ameshika peni kwa mikono miwili.

"Boss," akasema, "hata mimi niko nayo. Tangu mwaka jana. Niliogopa ukijua utaniachisha."

Mwaka mzima. Sahihi zote zile nilizomtupia wakati mikono yangu ikitetemeka, alikuwa akizitia kwa mikono inayotetemeka kama yangu. Nilikuwa nimekaa naye hatua tatu tu, nikiwa na hofu ile ile, na kwa kiburi changu nilikuwa nimemnyima hata mwenzake wa kuumwa naye. Nilidhani aibu yangu ya siku hiyo imekwisha. Ilikuwa ndiyo inaanza.

Nabwire aliushusha mkoba sakafuni. Akasogea kwenye benchi, akampa Omuse nafasi.

"Kuja ukae hapa, shemeji. Leo umemeza?"

"Bado, mama. Sijakula."

"Na wewe, Baba Mercy?" Hakunitazama bado.

"Sijala," nikasema.

"Basi fungeni hii ofisi."

Maroli yalikuwa yamesimama hadi usipoona mwisho, na simu ya Mombasa ilikuwa imeanza kulia. Nikafunga.